Bledi Nyembamba na Kaunta ya Mvule

Vijana, mtu akiwaambia kwamba bandso ya zamani iliyotengenezewa bledi pana haiwezi kufungwa bledi nyembamba, muulizeni kwanza kama ameshawahi kuifungua kwa mikono yake. Akisema aliona kwenye kompyuta, mpeni chai muongee habari za mvua. Mimi nimeifunga. Niliifunga Woodbridge, Virginia, miaka ile ya simu za kukunja, na mbao ilizokata ziko kwenye vyumba vya watu mpaka leo.

Jina langu kwa watu wa huku ni Baba Wambui. Shule niliiacha darasa la nne nikaingia kwenye viwanda vya mbao Elburgon, kule Kenya, na sijawahi kumlilia mtu kwa sababu hiyo. Niliosoma nao wakapata ofisi. Sasa mlango ukigoma kufunga, wananipigia mimi.

Kwanza mjue ninaongea kuhusu nini. Bandso ni msumeno wa mashine, magurudumu mawili, moja juu na moja chini, yamezungushiwa bledi kama mkanda. Ile ya kupasulia kazi yake si kukata maua na mapindo. Kazi yake ni kuchukua ubao mnene umesimama wima na kuupasua katikati, kama mama anavyopasua mkate apake siagi. Ya kwetu pale Woodbridge ilikuwa chuma kitupu, magurudumu yake yakinifika kifuani, na ilitengenezewa bledi yenye upana wa karibu kiganja. Bledi hizo alikuwa akizinoa mzee mmoja upande wa Fairfax. Alipochoka akauza mashine zake akaenda kukaa na binti yake, sisi tukabaki na bledi butu zimening'inia ukutani kama nyoka waliokaushwa. Mwenye karakana, Mzungu mpole aliyeirithi kwa baba mkwe wake, akaanza kusema neno chuma chakavu. Alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Wakati huo ndipo Mama Zuhura alipofika na ubao wake.

Mama Zuhura ni Mtanzania, mtu wa Tanga, nesi, alikuwa akikaa Bowie kule Maryland. Alifika Jumamosi asubuhi amechoka na foleni ya daraja la kuingilia Virginia, na nyuma ya gari lake, juu ya shuka, kulikuwa na kipande cha kaunta ya duka la marehemu baba yake. Mvule. Urefu kama futi tano, upana futi moja, unene inchi mbili hazijatimia. Ulikuja ndani ya kontena la mtu wa ubalozi aliyekuwa akihamia huku. Upande wa juu ulikuwa umelainika kwa mikono ya wateja mpaka unang'aa.

"Baba Wambui," akasema, "nina mabinti wawili na wote wanaolewa mwaka huu. Kila mmoja anataka ubao huu uwe kichwa cha kitanda chake. Nataka unipasulie."

"Kwa nini usimpe mkubwa?"

"Nikimpa mkubwa, mdogo hatasema kitu. Ndicho kinachoniogopesha. Yule akinyamaza amenyamaza, kama babu yake. Ama wapate wote, ama ubao urudi nyumbani nikae nao mwenyewe."

Mabinti wenyewe walikuwa wamesimama pale pale. Mkubwa alisema kwa Kiingereza kwamba ubao ukipasuliwa utaharibika na ni afadhali ubaki mzima, na hakuna aliyeuliza ubaki mzima kwa nani. Mdogo alikuwa akitazama viatu vyake.

Sasa hesabu ya fundi ni hii. Bledi pana ni nene, na meno yake yamepindwa huku na huku ili ipite bila kubanwa, kwa hiyo inapopita inakula mbao nyingi ikageuka unga. Ubao haujatimia inchi mbili. Toa alichokula msumeno, toa cha kupigwa randa pande zote, unawapa mabinti mbao mbili zinazopinda kama chapati. Bledi nyembamba ina mwili mwembamba pia, inakula nusu ya ile. Pale ndipo penye kitanda cha mtu wa pili.

Nikamwambia aniachie ubao, na aondoke na maneno yake yote.

Tuliagiza bledi ya inchi moja na nusu, ikaja imekunjwa ndani ya boksi. Hapa nawaonya. Bledi iliyokunjwa ni chui kwenye gunia. Vaa glavu, ishike mbali na uso, iache ijifungue yenyewe. Halafu itazame meno kabla ya kuipandisha. Meno lazima yatazame chini, yashuke kwenye meza. Mara nyingi bledi inafika imejigeuza, meno yanatazama juu. Hakuna haja ya kupiga simu kugombana na muuzaji, kama alivyotaka kufanya mwenye karakana. Igeuze nje ndani kama soksi. Kila mtu wa kazi hii ameshawahi kuifunga juu chini. Anayekataa ni mwongo, ama kazi yake ilikuwa kufagia.

Msaidizi wangu alikuwa Mkongo, Papa Ngoy, mtu wa rika langu, mfupi, anayevaa tai mpaka kazini na kuiingiza ndani ya shati ili isishikwe na mashine. Alikuwa amefanya kazi ya magogo kwao miaka mingi. Tulikuwa tukibishana tangu asubuhi hadi jioni, na siku ambayo hakufika, karakana ilikuwa kama kanisa Jumatatu.

"Weka bledi katikati ya gurudumu, Papa," akaniambia, maana kwake kila mzee ni Papa. "Kitu nyembamba inakaa katikati."

"Hiyo ni kwa magurudumu yaliyovaa mpira. Hili ni chuma kitupu. Ukiweka katikati, meno yanakanyaga chuma, yanalala, na gurudumu linachorwa. Meno lazima yatokeze nje ya ukingo wa mbele."

"Basi ukingo umekwisha. Tazama."

Nikatazama. Alisema kweli. Bledi pana ilikuwa imekimbia pale miaka na miaka, ikachimba. Ukipitisha kidole ulisikia bonde, kama kiti cha gari la mtu mnene. Bledi pana ilikuwa ikivuka bonde hilo bila shida, lakini nyembamba ingetumbukia na kuhangaika humo. Watu wengi wanashindwa hapa halafu wanalaumu bledi. Kosa si la bledi. Ni kiatu cha mtu mwingine unamvisha mtoto. Tulifunga jiwe la kusagia mbele ya gurudumu, gurudumu likizunguka polepole, tukasaga kidogo kidogo mpaka uso ukawa sawa, la chini kwanza na la juu baadaye. Kazi hiyo haina haraka na haina sifa. Unavaa barakoa, unakula vumbi, unanyamaza.

Halafu kukaza. Bandso zile za zamani hazikazwi kwa skrubu peke yake. Kuna mkono wa chuma nyuma, unautundikia vyuma vya uzito, navyo vinalisukuma gurudumu la juu. Uzito uliokaza bledi pana ukiutundika wote kwenye nyembamba, umeiua. Nilimkuta mwenye karakana asubuhi moja ametundika vyuma vyote, kwa mazoea ya mkono tu, kama mtu anavyoweka sukari kwenye chai ya mgeni bila kuuliza. Hakuwa amewasha. Nikavishusha zaidi ya nusu.

"Mbona umeshusha vingi hivyo?"

"Punda nusu, mzigo nusu," nikamwambia, na kwa Kiingereza changu ilitoka vibaya, lakini alicheka na akaelewa.

Niliyajua haya kwa sababu ya Kalasinga mmoja wa Elburgon, tuliyemwita Fundi Jagat. Yeye ndiye aliyekuwa daktari wa misumeno pale kiwandani. Hakuwa akifundisha mtu. Alikuwa akitukana kwa Kiswahili kizuri kuliko chetu, na ukisikiliza matusi kwa makini, katikati yake kulikuwa na somo. Niliwahi kukaza bledi kwa nguvu zote nikitaka anione. Akaigonga kwa ukucha, ikalia sauti nyembamba. "Wewe umefunga gitaa," akasema. "Sasa imba." Akanisimamisha mbele ya wanaume wote mpaka nikaimba wimbo wa kanisani ubeti mzima. Tangu siku hiyo sijakaza bledi kupita kiasi.

Vishikizo navyo visisahaulike. Hivi ni vile vipande vinavyoishika bledi ubavuni juu na chini ya mbao, pamoja na kigurudumu kidogo cha nyuma cha kuizuia isirudi. Vyote vilikuwa vimekaa mahali pa bledi pana. Ukiviacha hapo, vya ubavuni havishiki kitu cha maana na cha nyuma kiko mbali kama ndugu wa Nairobi. Tukavisogeza mbele, lakini visiguse meno. Nafasi ya ubavuni tulipima kwa karatasi ya risiti ya duka la vyakula, inatosha kabisa. Kigurudumu cha nyuma kisizunguke bledi inapokimbia bure. Kizunguke pale tu mbao inaposukuma. Halafu zungusha gurudumu kwa mkono, mara nyingi, uone bledi inakaa wapi. Kwa mkono, nimesema. Injini haina huruma na haina macho.

Tulijaribu kwenye mbao za bure. Ya kwanza ilitoka na tumbo katikati kama shati la mnywaji, kwa sababu nilisukuma kwa mwendo wa bledi pana. Nyembamba haina mgongo. Ukiisukuma inapinda ndani ya mbao usiione, na juu inaonekana imenyooka. Iache ikate kwa mwendo wake. Ya pili ilienda kombo, tukagundua bledi yenyewe inapenda kuvuta kushoto kidogo. Hapo usipigane nayo. Chora mstari, ufuate kwa mkono, tazama ubao umekaa pembe gani, kisha ule ukuta wa kuegemezea mbao ufunge kwa pembe hiyo hiyo. Ya tatu ilitoka sawa. Mwenye karakana akaipitishia kidole akaacha kutaja chuma chakavu.

Basi Jumamosi iliyofuata Mama Zuhura akarudi na mabinti wake. Nikapitisha kile kifaa kinacholia kikikutana na chuma, maana kule kwetu gogo lolote la shambani lina msumari au waya wa ua ndani. Hakikulia. Nikasema tuanze.

Papa Ngoy hakusogea. Alikuwa ameinama nyuma ya ubao, upande ambao wateja hawakuwahi kuuona, akikwaruza kwa msumari.

"Papa, hapana washa. Kwetu hii ni kambala. Iko na mawe ndani."

"Mawe?"

"Mawe. Ndani ya mti."

Vijana, mimi ni mtu wa misedari na misaipresi. Nimepasua magogo kabla baba zenu hawajaota ndevu, na sikuwahi kukuta mti uliomeza jiwe. Nikacheka. "Mti una meno? Ulitafuna kokoto?"

"Cheka," akasema Ngoy. "Msumeno hautacheka."

Mama Zuhura akaingilia. "Ni kweli, Baba Wambui. Mafundi wa Tanga wote wanaujua mvule kwa hilo. Baba alikuwa akisema seremala akiupenda mvule, hajaupasua."

"Na wewe hukuniambia?"

"Wewe ndiye uliyeniambia niondoke na maneno yangu."

Nikaenda nyuma nikatazama. Kulikuwa na mstari mweupe kama chaki, mrefu kama kidole, kwenye ncha moja, na mbao iliyouzunguka ilikuwa nyeusi kuliko kwingine. Kifaa kisingelia. Jiwe si chuma.

Nikawaeleza bila kupamba. Bledi pana ingekutana na jiwe ikapoteza meno na kuendelea, lakini ubao hauiwezi. Nyembamba ikigusa jiwe, meno ya upande mmoja yanalala, na kuanzia hapo inavuta upande ambao bado mkali. Inatoka nje kwa ubavu. Inaharibu mbao zote mbili, hakuna wa kumpa mwenzake.

Binti mkubwa akasema, safari hii kwa Kiswahili, "Mama, basi uache. Nitauchukua hivyo hivyo."

Mdogo akasema, "Mpe tu."

Akanyamaza. Mama yake akamtazama, kisha akanitazama mimi, na nikaelewa alichokuwa akiogopa tangu mwanzo.

"Pasua," akaniambia. "Ukiharibu, usinirudishie vipande. Vichome."

Tuligeuza ubao ili tuanzie ncha isiyo na jiwe, tupate urefu mwingi kabla ya hatari. Nikaweka alama ya penseli shubiri moja kabla ya ule mstari mweupe: hapa tunasimama, kinachobaki tunamaliza kwa mkono. Papa Ngoy akatandaza fulana nyeusi chini ya meza, pale unga unapoangukia, akachuchumaa mbele yake, tai imeingia shatini.

"Unafanya nini?"

"Ninasoma gazeti."

Nikawasha. Mvule una harufu ya pilipili, mpaka mtu anapiga chafya. Bledi iliingia vizuri, sauti yake moja, haipandi haishuki. Nilisukuma kwa tumbo la kiganja na nikaiacha ikate kwa mwendo wake. Futi ya kwanza, ya pili. Nilikuwa bado mbali na alama yangu Ngoy alipopiga kelele.

"Papa! Unga imegeuka! Nyeupe!"

Sikutazama. Nilipiga swichi kwa goti. Jiwe lilikuwa limeanza ndani kabla ya kujionyesha nje.

Na hapa, wanangu, ndipo wengi wanapoharibu. Bandso ya zamani haina breki. Umezima, lakini magurudumu mazito yale yanaendelea kuzunguka, na mwili wako wote unakuambia vuta ubao urudi. Usivute. Bledi pana ungeweza kuivumilia. Nyembamba ukivuta ubao, unaivuta nayo, inaruka nje ya magurudumu mbele ya tumbo lako. Simama. Shika ubao palepale, usisukume, usirudishe. Nilisimama hivyo bledi ikipita mbele ya jiwe, ikipunguza, ikipunguza, na binti mdogo nilimsikia akihesabu kwa Kiingereza chini ya pumzi. Iliposimama kabisa, Ngoy akagonga kabari ndogo kwenye mpasuo ili usibane, tukaurudisha ubao taratibu, yeye akiongoza, mimi nikiishika bledi isitoke.

Meno machache yalikuwa yameguswa. Mstari ulikuwa bado umenyooka.

Iliyobaki tulifanya kwa msumeno wa mkono, mimi ncha moja na Ngoy akishika, tukabadilishana, tukizunguka jiwe pande zote kama watu wanaochimba kisima. Ilichukua muda mpaka Mama Zuhura akatoka akaleta chai na mandazi kutoka kwenye gari lake. Mwenye karakana alikula mengi kuliko sote. Mwishoni mbao mbili zilikuwa zimeachana kila mahali isipokuwa pale, zimeshikwa na kitu kimoja kidogo. Nikaingiza kabari, nikagonga mara moja kwa upole. Zikafunguka kwa mlio kama wa kidole kinachovunjwa, na jiwe likaanguka juu ya meza, zima, la kijivu, ukubwa wa yai la kwale.

Tulizilaza mbao ubavu kwa ubavu. Vijana, ukipasua ubao katikati, sura ya ndani inatokea mara mbili, kama kitabu kilichofunguliwa. Mistari ile ile ya dhahabu huku na kule, kibonde cha jiwe huku na kule. Unene ulikuwa unatosha, na randa ingebaki na cha kula.

Mkubwa aliweka kidole kwenye kibonde cha huku, mdogo kwenye cha kule. Mkubwa akamuuliza mdogo anataka upi. Mdogo akasema zote ni sawa. Mkubwa akasema najua ni sawa, chagua. Mdogo akachagua wa kushoto, kwa sauti, na mama yao akavuta pumzi ambayo nadhani aliibeba kutoka Bowie.

Halafu mdogo akaokota jiwe. Akaniuliza kama naweza kulibandika kwenye ubao wake, lingependeza. Mkubwa akasema kama ni hivyo likatwe, na yeye apate nusu.

"Jiwe halikatwi hapa," nikasema. "Nimeshaharibu meno ya kutosha leo."

Wakaanza kubishana, mara hii wakicheka, la nani, la nani. Mama Zuhura akaweka kikombe chini. Akalichukua jiwe mkononi mwa binti yake, akalifuta unga kwa ncha ya mtandio wake, akalitia ndani ya mkoba na kufunga zipu.

"Ninyi mmeshagawiwa," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa babu yenu."